Pima Elfu: majina ya anime yanavyosomeka kwa Kiswahili

Wapendwa wachoraji wa vibonzo, watafsiri, na ninyi wengine mliokuja jioni hii kwa sababu tu mnapenda anime, yaani katuni za Kijapani, nawasalimu. Assalamu aleikum, na hamjambo nyote.

Nianze na mdogo wangu. Alikuwa darasa la sita. Tulikuwa sebuleni kwetu Tanga tunaitazama, labda kwa mara ya kumi, ile filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2001, Spirited Away, ya binti Chihiro anayepotelea katika nyumba ya kuogea ya miungu. Wengi wenu mmeiona. Akanigeukia: "Dada, Chihiro maana yake nini?"

Wakati huo nilikuwa nimeanza kujifunza Kijapani kwa kitabu cha kuazima. Kamusi niliyokuwa nayo ilikuwa ya Kijapani kwa Kiingereza. Nikalitafuta jina, nikakuta sehemu yake ya pili imeelezwa kwa neno la Kiingereza nisilolijua. Nikachukua kamusi nyingine, ya Kiingereza kwa Kiswahili, nikalitafuta hilo neno. Na mbele yake palikuwa na neno moja fupi: pima.

Mjomba wetu ni mvuvi. Neno hilo nimelisikia kabla sijajua kusoma. Hapa pima nane, pale nje pima ishirini, huko hapafai. Akivuta mshipi hunyoosha mikono yote miwili, ncha ya kidole cha huku hadi ncha ya kidole cha huko, na hiyo ni pima moja. Wajapani nao walipima kina vivyo hivyo, kwa mikono iliyonyooshwa, na kipimo chao wakakiita hiro. Chi ni elfu. Chihiro ni pima elfu, neno la zamani la kutaja kilindi ambacho mtu hawezi kukipima.

Nilizunguka kupitia Kiingereza kutafuta neno lililokuwa likitamkwa uani kwetu kila alfajiri. Tangu siku hiyo nimekuwa na shauku moja, na ndiyo iliyonileta mbele yenu. Majina ya anime yamejaa maana, na maana hizo karibu zote hutufikia zikiwa zimeshatafunwa kwa Kiingereza. Lakini mara nyingi sana Kiswahili kina mlango wake wenyewe wa kuingilia, mfupi zaidi, na wakati mwingine mlango huo unakufikisha ndani kuliko ule mwingine.

Nikae kwanza na Chihiro, maana jina lake ndilo moyo wa filamu yenyewe. Jina kamili ni Ogino Chihiro, ukoo mbele kama ilivyo desturi ya Japani. Anapoomba kazi kwa Yubaba, yule bibi kizee mwenye nyumba ya kuogea, anatia sahihi mkataba, na anaandika kanji nne, yaani zile alama za maandishi zilizotoka China. Yubaba anapitisha mkono juu ya karatasi. Kanji tatu zinang'oka na kuruka hadi kiganjani mwake. Inabaki moja tu, ile ya elfu, na binti anaambiwa kwamba jina lake sasa ni Sen.

Sisi tunaosikiliza bila kuona maandishi tunadhani Sen ni jina jipya. Si jipya. Ni kanji ileile ya elfu, imesomwa kwa sauti nyingine. Kanji nyingi zina namna mbili za kusomwa: sauti ya Kijapani chenyewe, na sauti iliyokuja pamoja na maandishi kutoka China. Chi ni sauti ya nyumbani. Sen ni sauti ya kuja. Na hapa Mswahili hahitaji mhadhara mrefu, kwa sababu hesabu yetu sisi imeshonwa kwa namna hiyohiyo. Tunasema moja, mbili, tatu kwa maneno ya Kibantu, tukifika sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu tumeshaingia katika Kiarabu, na hakuna anayeusikia mshono. Mjapani naye anahesabu hitotsu, futatsu, mittsu kwa lugha ya mababu, halafu ichi, ni, san kwa sauti za China. Kwa hiyo binti yule hakunyang'anywa kanji tatu tu. Hata ile moja aliyoachiwa imebadilishwa sauti, kutoka sauti ya mama yake hadi sauti ya mkataba.

Tena kanji ya hiro, ile ya pima, ina kazi ya pili. Ikitumika kama kitenzi maana yake ni kuuliza na kutafuta. Yubaba anachukua pima, na pamoja nayo anachukua utafutaji. Sasa tazameni Kiswahili: pima ni kipimo cha kina, na pia tunamwambia mtu apime maneno yake, ajipime, alipime jambo kabla ya kuamua. Ni neno la mkono lililogeuka kuwa neno la akili, kama lilivyogeuka kule. Sijui lugha ngapi duniani zingeweza kufanya hivyo kwa jina hilo moja. Yetu inaweza.

Wenyeji wengine wa nyumba ile ya kuogea wana majina ya wazi zaidi. Yu ni maji ya moto, baba ni bibi kizee. Sikio letu hapa linapotea njia, kwa sababu kwetu baba ni mzazi wa kiume, lakini Yubaba ni Bibi Maji-Moto, basi. Pacha wake Zeniba ni Bibi Senti, kwani zeni ni sarafu. Kamaji, yule mzee mwenye mikono sita anayechochea moto chini kabisa, ni Babu wa Tanuri. Ni majina ya kazi, kama tunavyosema Mama Ntilie au Baba Maji. Mtu amekuwa kazi yake, na jina lenyewe limekwisha sahaulika. Chihiro anaingia katika nyumba ambayo karibu kila mtu yuko hivyo.

Halafu yuko Haku, yule kijana anayegeuka joka. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Haku ni kipande cha jina, kama Sen. Jina zima, analolikumbuka akiwa angani na Chihiro mgongoni mwake, ni Nigihayami Kohakunushi. Kohaku ni jina la mto wake, na kohaku kwa Kijapani ni kaharabu, ile gundi ya mti iliyogeuka jiwe. Nushi ni mwenyewe, mmiliki, bwana wa mahali. Watu wa pwani wana neno lake: mwinyi. Ni mwinyi wa Mto Kaharabu. Na Nigihayami inamkumbusha msikilizaji wa Kijapani mungu wa kale aitwaye Nigihayahi. Yaani kijana aliyekuwa akitumwa kama mtoto wa nyumbani alikuwa na jina refu la enzi, na mto wake ulifukiwa, yakajengwa majengo ya kupangisha juu yake. Ndiyo maana hakuweza kurudi kwao. Jina lilikuwa ndiyo mahali pekee palipobaki.

Msione hili kuwa ni ndoto ya Miyazaki peke yake. Japani ya zamani jina la kweli la mtu mkubwa halikutamkwa ovyo. Waliliita imina, jina la kuepukwa. Wanawake wa ikulu hawakuandikwa kwa majina yao. Yule mwandishi wa riwaya ya Genji Monogatari wa mwanzoni mwa karne ya 11, tunayemwita Murasaki Shikibu, jina alilopewa alipozaliwa halijulikani kwa hakika hadi leo. Shikibu ni idara ya serikali aliyoitumikia baba yake. Nasi tuna bibi zetu waliokufa wakiitwa Mama Fulani na Bi Fulani, na wajukuu hawajui jina lao la utotoni, na wanawake ambao hawawaiti waume zao kwa jina mbele ya watu. Mswahili anajua kwamba jina linaweza kufunikwa kwa heshima, na linaweza kufunikwa kwa dhuluma. Filamu ile inasimama katikati ya mambo hayo mawili.

Sasa niwapeleke mwaka 2016, kwenye filamu ya Makoto Shinkai ambayo jina lake lenyewe ni Jina Lako, Kimi no Na wa. Shujaa ni Mitsuha, binti wa ukoo unaotunza hekalu la Kishinto. Mitsuha maana yake ni majani matatu. Bibi yake anaitwa Hitoha, jani moja. Mama yake, ambaye ameshafariki hadithi inapoanza, ni Futaba, majani mawili. Mdogo wake ni Yotsuha, majani manne. Moja, mbili, tatu, nne, kutoka bibi hadi mjukuu wa mwisho, kama kamba inayosokotwa, na bibi yule ndiye anayewafundisha wajukuu kusokota nyuzi.

Katika nyumba zetu wamo akina Mosi, Pili na Tatu. Kuna shangazi zetu waliopewa majina hayo kwa mpangilio wa kuzaliwa na wakayabeba maisha yao yote. Mtafsiri wa Kiswahili akifika kwa Mitsuha, ajue kwamba hadhira yake inawajua watu wa aina hii kwa sura. Tofauti ni kwamba kwetu hesabu inakwenda kwa ndugu wa tumbo moja, na katika filamu ile inakwenda kwa vizazi. Ukiligundua hilo, unagundua kwamba kifo cha mama, yule wa pili, ni pengo katikati ya hesabu. Ukoo wao ni Miyamizu, maji ya hekalu. Na kijana anayemtafuta anaitwa Taki, maporomoko ya maji. Maji yanatafuta maji.

Kuna darasa mle ndani ambamo mwalimu anafundisha neno tasogare, wakati wa jua kuzama. Limetokana na swali la zamani, ta so kare, yaani yule ni nani? Giza limeingia kidogo, unaona umbo linakuja njiani, huoni uso. Wajapani waliupa wakati ule jina la lile swali. Nikilisoma neno hilo nasikia sauti ya bibi yangu barazani baada ya adhana ya magharibi: "Nani huyo?" Na wale vijana wawili wanakutana saa hiyohiyo, wanaonana kwa dakika chache, kisha majina yanaanza kuwatoka. Taki alimwandikia kiganjani ili asisahau, lakini hakuandika jina. Aliandika kwamba anampenda. Nililia mara ya kwanza, na bado nalia.

Niwape ufunguo mmoja mdogo. Ni silabi moja: no. Kazi yake katika Kijapani ni ile ya wa, ya, la, cha katika Kiswahili, ila mpangilio umegeuzwa: kinachomiliki kinatangulia. Sisi tunasema sungura wa mwezi, wao wanasema tsuki no usagi. Basi msikilizeni yule shujaa wa Sailor Moon, kibonzo cha Naoko Takeuchi, aliyeanza kuchapishwa mwishoni mwa 1991: Tsukino Usagi. Ukoo na jina, vikisikika pamoja, ni sungura wa mwezi. Huko Magharibi waligeuza mpangilio wakaweka jina mbele ya ukoo, na ile sentensi ndogo ikavunjika.

Ufunguo huohuo unafungua rafiki zake, ambao kila mmoja ana sayari yake. Mizuno ni ya maji, na sayari ya Utaridi kwa Kijapani ni nyota ya maji. Hino ni ya moto, na Mirihi ni nyota ya moto. Kino ni ya mti, na Mshtarii ni nyota ya mti. Aino ni ya mapenzi, na huyo ndiye wa Zuhura. Ukitoka hapo ukaenda kwa Naruto, yule kijana ninja, Haruno Sakura anasikika kama mcheri wa majira ya kuchipua, na mwalimu Umino Iruka ni pomboo wa baharini. Silabi moja, majina sita saba. Vijana wanaojifunza Kijapani kwa kuangalia anime tu, bila mwalimu, shikeni hiyo.

Lakini sungura yule anahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa Kiswahili kinaweza kutupotosha. Sungura wetu ni mjanja. Anamdanganya simba, anamdanganya fisi, anakula asali ya wengine. Sungura wa mwezini ni mwingine kabisa. Ngano yake ilitoka India pamoja na dini ya Buddha, na Wajapani waliiandika katika mkusanyiko mkubwa wa hadithi wa karne ya 12. Mzee maskini, mwenye njaa, anakutana na nyani, mbweha na sungura. Nyani anamletea matunda, mbweha anamletea samaki, sungura anahangaika na kurudi mikono mitupu. Basi anaomba moto uwashwe, anajitupa ndani, ili mzee ale nyama yake. Mzee alikuwa mungu aliyejibadilisha, na akaiweka picha ya sungura juu ya mwezi ili watu wote waione. Kwa hiyo Wajapani wakitazama mwezi mpevu wanaona sungura, na mbele yake kuna kinu, na mkononi ana mchi, anatwanga mochi, zile keki za mchele. Kinu na mchi! Hivyo tunavyo jikoni. Msichana mvivu, mlilia-lia, mpenda kula, amepewa jina la kiumbe aliyejitoa mwili wake kwa ajili ya mgeni. Mtoto wa Kijapani anajua tangu kipindi cha kwanza nini kitatakiwa kwa msichana huyo siku moja. Mtoto wa Dar es Salaam akisikia sungura anasubiri ujanja. Hapo mtafsiri ana kazi, na ninawaomba msiikimbie.

Mchele umenikumbusha jambo. Akira Toriyama, mchoraji wa Dragon Ball, aliyetutoka Machi 2024, alipenda kuita watu wake kwa majina ya vyakula. Wengi mnajua kwamba Vegeta ni mboga, Kakarotto ni karoti, Raditz ni figili. Jina la kabila lao, Saiya, ni neno yasai, mboga, lililogeuzwa silabi: mwisho umekuja mwanzo. Wazee wa pwani mchezo huo waliuita kinyume, na watoto waliuzungumza mbele ya watu wazima ili wasieleweke. Yasai, saiya. Ni kinyume kitupu.

Lakini jina la Gohan, yule mtoto wa shujaa, ndilo lililonifurahisha zaidi. Mjapani ana neno la mpunga ulio shambani, ine. Ana neno la mchele uliokobolewa, kome. Ana neno la ule uliopikwa, gohan, ambalo pia ni chakula chenyewe, mlo. Nasi tuna mpunga, mchele, wali. Tumepanga kama wao, hatua kwa hatua, na lugha iliyotuletea tafsiri ina neno moja tu la vyote vitatu. Baba yake ni Son Goku, ambalo ni jina la yule mfalme nyani wa riwaya ya Kichina ya karne ya 16 likisomwa Kijapani, na kanji zake zinasema aliyetambua utupu. Ni jina la kitawa, zito, la Kibuddha. Mwanawe ana kanji ileile ya kutambua, ila penye utupu pamewekwa wali. Aliyetambua wali. Baba amekwenda milimani kutafuta mapigano, mwana anataka kusoma na kukaa nyumbani pale chakula kilipo. Nampenda Toriyama kwa hilo.

Kwa Naruto sitakaa sana, maana mnamjua kuliko mimi. Uzumaki ni mzunguko wa maji au wa kitu chochote kinachojisokota. Naruto ni mlangobahari kati ya Shikoku na kisiwa cha Awaji, maarufu kwa vimbunga vyake vya maji, na pia ni kile kipande cha samaki wa kusaga chenye mzunguko wa waridi kinachowekwa juu ya rameni, ile supu ya tambi. Jina na ukoo vinasema jambo moja. Nitaongeza la wale ninja watatu tu: Jiraiya wa chura, Tsunade wa konokono asiye na gamba, Orochimaru wa nyoka. Mtunzi wake, Masashi Kishimoto, hakuwabuni majina. Walikuwa katika hadithi ndefu iliyochapishwa kwa mfululizo kuanzia 1839 hadi 1868. Na nyuma yake kuna mchezo wa vidole wa zamani zaidi: kidole gumba ni chura, cha shahada ni nyoka, kidogo cha mwisho ni konokono. Nyoka anamla chura, chura anamla konokono, konokono anamshinda nyoka. Hakuna anayeweza kusogea kwanza. Rudieni kuangalia pambano lao watatu mkiwa na jambo hilo kichwani.

Yapo majina mengine ambayo hayachekeshi. Mwaka 1995 Hideaki Anno alitoa katuni ya Evangelion, na watu wake wana koo hizi: Ayanami, Soryu, Katsuragi, Akagi. Kijana wao anaitwa Ikari, ambayo ni nanga. Yale mengine ni majina ya manowari za Japani za Vita vya Pili vya Dunia. Ayanami ilizama Novemba 1942. Akagi na Soryu zilizama katika mapigano ya Midway, Bahari ya Pasifiki, Juni 1942. Wale watoto waliochoka, wanaoamrishwa waingie katika mashine na kupigana vita vya watu wazima, wanatembea na majina ya vyombo vilivyolala chini ya bahari.

Na hapa, ndugu zangu, bahari ni moja. Miezi miwili kabla ya kuzama, Aprili 1942, Akagi na Soryu zilikuwa katika Bahari ya Hindi. Ndege zake zilishambulia Colombo, zikazamisha meli za Waingereza, na kundi la manowari la Waingereza likarudi nyuma hadi bandari ya Kilindini, Mombasa. Pamoja nalo wakaja wale wataalamu wa kusikiliza redio za Wajapani na kufumbua maandishi yao ya siri, wakafanya kazi katika shule ya wavulana pale Mombasa. Kijapani kimesomwa mjini mwetu, kwa siri, usiku, kwa ajili ya vita. Sisi leo tunakisoma kwa ajili ya mapenzi. Kila nikilisikia jina Akagi katika katuni ile naona ramani, naona Kilindini, na nakumbuka kwamba kilindi ni maji marefu. Hata jina la bandari yetu linahesabu pima.

Neno moja kwa Tanjiro, shujaa wa Demon Slayer, maana mdogo wangu hatanisamehe nikimwacha. Ukoo wake ni Kamado, yaani jiko la kupikia, lile la udongo. Kanji ya mwanzo ya jina lake ni mkaa. Kamado Tanjiro: jiko na mkaa, na familia yake inachoma mkaa mlimani na kuuza kijijini. Nani katika ukumbi huu anahitaji kuelezwa jiko la mkaa? Moshi wake, masizi, mkono mweusi wa muuzaji, kiroba mlangoni. Mtoto wa Ulaya anasoma maelezo ya chini ili aelewe umaskini ulio ndani ya jina hilo. Wetu anaunusa.

Sasa niwaonye, kwa mapenzi. Si kila jina lina siri. Kijapani kina sauti chache, karibu kama zetu, irabu tano zilezile, silabi zinazoishia na irabu. Ndiyo maana tunayatamka majina yao vizuri bila kufundishwa. Lakini kwa sababu sauti ni chache, neno moja la kusikika laweza kuwa kanji kumi tofauti. Mtu anasikia Haku, anafungua kamusi, anakuta nyeupe, anaandika kwamba Haku maana yake ni mweupe. Sivyo. Tumeshaona ni kipande cha Kohaku. Na wakati mwingine maandishi na sauti haviendani kwa makusudi: yule kijana wa Death Note, Yagami, ukoo wake ni usiku na mungu, jina lake limeandikwa kwa kanji ya mwezi lakini linasomwa Raito, nuru kwa Kiingereza. Sheria ya Japani huruhusu kanji 2,136 za kawaida na 863 za nyongeza katika majina ya watoto, lakini kwa muda mrefu haikusema lolote kuhusu namna ya kuzisoma. Usomaji umeanza kusajiliwa rasmi Mei 2025. Kwa hiyo usiseme maana ya jina kabla hujaliona limeandikwaje. Na kama limeandikwa kwa alama za sauti tu, kama Naruto lilivyo, kuwa mwangalifu mara mbili.

Ninaulizwa na watafsiri vijana: basi tuyafasiri majina? Tumwite Chihiro Pima Elfu? Hapana. Mwacheni aitwe Chihiro. Jina la mtu ni lake, na filamu nzima inasema hivyo. Lakini pale Yubaba anapoziokota zile kanji, mtazamaji wetu hajui nini kimetoka na nini kimebaki, na maandishi ya chini ya skrini yana nafasi ya maneno manne matano. Yatumieni. Msiandike Sen halafu mkapita. Tafuteni kwanza kama neno liko kwetu, kwa mvuvi, kwa mama lishe, kwa bibi barazani, kabla ya kwenda kuliazima mbali. Nimefanya kosa hilo mwenyewe, ndiyo maana nawaambia.

Mwaka jana nilirudi Tanga, nikamkuta mjomba anashona nyavu chini ya mkungu. Nikamsimulia habari yote: binti, nyumba ya kuogea, yule bibi kizee, mkataba. Nikamwambia jina lake ni pima elfu. Akatikisa kichwa, akatazama baharini, akasema huko hata nanga haifiki.

"Na huyo bibi alimnyang'anya jina lote?"

"Hapana, Mjomba. Alichukua pima. Akamwachia elfu."

Akaacha kushona. Akanitazama kwa muda, sindano ya nyavu mkononi.

"Elfu ya nini?"